Nimejifungua kwa upasuaji wiki 11 zilizopita: nianze lini kukimbia?

"Shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro. Wiki 11 zilizopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza kwa upasuaji wa dharura, baada ya kukaa na uchungu usiku kucha na mchana wake. Kabla ya ujauzito nilikuwa nakimbia mara nne kwa wiki, na nimeshakimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mara mbili. Kidonda kimekauka vizuri, lakini juu ya mshono kuna ganzi, tumbo bado limetokeza, na nikipiga chafya mkojo unanitoka kidogo. Mama mkwe anasema aliyepasuliwa hakimbii mpaka mwaka uishe, kwamba mshono wa ndani utaachia na maziwa yatachacha. Wenzangu wa jogingi wanasema wiki sita zinatosha, wao walianza hivyo. Mtoto ananyonya maziwa yangu tu. Natamani kukimbia tena 21 Moshi mwezi wa pili, miezi mitano na nusu kutoka sasa. Nimsikilize nani?"

Marahaba dada, na hongera kwa mtoto. Pole pia kwa kisu. Kukaa na uchungu muda wote huo halafu ukaishia chumba cha upasuaji kunachosha mwili hata kabla hujaanza kukesha na mtoto.

Mimi ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba kwa mazoezi, na akina mama wa wiki kama zako ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Jibu langu ni kwamba utakimbia tena, na huna haja ya kusubiri mwaka. Ila wiki hii bado, na wiki ijayo bado, kwa sababu ya jambo ulilolitaja kwa maneno machache kuliko yote: huo mkojo unaokutoka ukipiga chafya. Nitakuja huko. Kwanza tuuondoe mshono njiani, maana ndio unaowatisha watu nyumbani.

Katika upasuaji wa kujifungua daktari hukata ngozi, kisha mafuta yaliyo chini yake, kisha utando mgumu mweupe unaofunika misuli ya tumbo. Misuli yenyewe mara nyingi haikatwi, husogezwa kando, moja kulia na nyingine kushoto. Ndani zaidi kuna utando mwembamba wa tumbo, na mwisho mji wa mimba. Kila tabaka linapona kwa kasi yake. Ngozi huziba ndani ya wiki mbili hivi, na ndiyo unayoiona ukijitazama ukasema kidonda kimekauka. Utando ule mgumu, ambao ndio unaobeba mzigo wa tumbo unapoinama, unapokohoa na unapokimbia, huenda polepole sana. Ukifika wiki ya sita unakuwa umerudisha kidogo zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kwenye mwezi wa sita au wa saba ndipo unapofikia kati ya asilimia 73 na 93. Kwa hiyo hofu ya mama mkwe haikutoka hewani. Tabaka la ndani kweli linachelewa, na wenzako wanaopima kwa ngozi wanapima kitu kisichohusika.

Lakini kuchelewa kupata nguvu ni jambo moja, na kuachia ni jambo jingine. Mji wa mimba hurudi kwenye ukubwa wake wa kawaida na kuzama tena ndani ya nyonga katika wiki kama sita. Huko uliko sasa, kukimbia hakuuvuti wala kuunyoosha. Kovu la mji wa mimba huja kujaribiwa na ujauzito mwingine, hasa uchungu wa kujifungua, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Kama bado hamjazungumza na mume wako kuhusu uzazi wa mpango, hilo ni la haraka kuliko mbio.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo huniuma kila mara. Katika nyumba nyingi mama aliyepasuliwa anakatazwa mazoezi kwa miezi, lakini wiki ya tatu anainua ndoo ya maji ya lita 20 kutoka chini, na hakuna anayeona shida. Ndoo hiyo ina uzito wa kilo 20. Kuiinua ukiwa umeinama na umebana pumzi kunasukuma tumbo kwa ndani kuliko matembezi yoyote ambayo ningekupa. Katika zile wiki sita za mwanzo, mzigo mzito kuliko mtoto mwenyewe haufai. Umeshavuka muda huo, lakini kama ndoo bado ni zako peke yako, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba mtaalamu amekubaliana naye kuhusu mshono, na kwa hiyo ameomba usaidiwe maji kwa miezi michache. Kama hakuna wa kukusaidia, beba nusu ndoo mara mbili, na toa pumzi nje wakati unainua.

Sasa wiki sita za wenzako. Zimetoka wapi? Ni muda wa hudhurio la mwisho la kliniki baada ya kujifungua, lile la kati ya siku ya 29 na ya 42, linalokutana karibu kabisa na arobaini yetu. Pale muuguzi anaangalia kidonda, presha, damu inayotoka, unyonyeshaji na uzazi wa mpango. Ni hudhurio muhimu, lakini hakuna mtu aliyekusimamisha kwa mguu mmoja ukaruka mbele yake. Kuambiwa "uko vizuri" siku ile maana yake ni kwamba hakuna tatizo la wazi. Mwaka 2019 wanafiziotherapia watatu wa Uingereza walitoa mwongozo kuhusu jambo hili hili, na walichoshauri ni kutokukimbia kabla ya miezi mitatu, hata kwa aliyejifungua kawaida bila tatizo lolote. Miezi mitatu hiyo ni mlango wa kuanzia kujipima. Kuna anayepita siku hiyo hiyo, na kuna anayepita mwezi wa sita.

Kwa nini kukimbia, na si kutembea? Unapotembea, mguu mmoja uko chini muda wote. Unapokimbia, kila hatua unakuwa hewani kidogo, kisha unatua kwa mguu mmoja, na ardhi inakurudishia nguvu ya mara mbili ya uzito wako au zaidi. Kwa mwendo wa hatua 165 kwa dakika, nusu saa ya jogingi ya pole ni kutua karibu mara 5,000. Nguvu hiyo hupanda mguuni, ikafika kwenye nyonga, na huko inakutana na misuli ambayo wengi hatukuwahi kufundishwa kwamba tunayo.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi mfupa wa mkia nyuma. Kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa vyote vimekaa juu yake. Fikiria kitanda cha kamba, kile cha teremka-tukaze. Mtu akikilalia miezi tisa huku uzito wake ukiongezeka kila wiki, kamba zinalegea, na hazijali atashukia upande gani siku ya kuondoka. Ndivyo ilivyo kwa ujauzito. Watu wengi huamini kwamba aliyejifungua kwa kisu amesalimika huko chini. Ni kweli hatari inapungua ukilinganisha na kujifungua kawaida, lakini haiishi, kwa sababu mzigo wa miezi tisa ulikuwepo. Na wewe ulikaa na uchungu muda mrefu kabla ya upasuaji, kwa hiyo huenda kichwa cha mtoto kilishaanza kushuka na kusukuma. Umebeba mizigo miwili: tumbo lililokatwa juu na sakafu iliyolegea chini.

Mkojo unaotoka ukipiga chafya ni sakafu hiyo ikikwambia kwamba presha ya ghafla kutoka juu bado inaishinda. Chafya ni moja. Mbio ni 5,000. Ukianza sasa utavuja, utavaa pedi, utazoea, na baada ya mwaka utaniambia ni hali ya kawaida ya uzazi. Inatokea kwa wengi, ndiyo, lakini inatibika, na mazoezi sahihi ndiyo tiba ya kwanza duniani kote.

Kabla sijakueleza mazoezi, kuna swali ambalo lazima nikuulize kwa sababu ya uchungu wako mrefu. Mkojo unatoka pale tu unapopiga chafya, kukohoa au kucheka? Au unachuruzika wenyewe, mchana na usiku, hata ukiwa umelala? Kama ni hali ya pili, acha kusoma maneno ya mazoezi na uende hospitali wiki hii, maana huenda ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke linaloweza kusababishwa na uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani. Hiyo hairekebishwi kwa kukaza misuli. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hospitali ya rufaa ya mkoa inaweza kukuelekeza. Kwa maelezo yako naona ni hali ya kwanza, lakini nisingelala vizuri bila kuuliza.

Zoezi lenyewe ni hivi. Lala chali, magoti yamekunjwa. Jifanye unazuia upepo usitoke, kisha kana kwamba unazuia mkojo, halafu vuta kwa ndani kwenda juu. Matako na mapaja yatulie, na pumzi iendelee kuingia na kutoka. Ukijikuta umebana pumzi au uso umekaza, umeishasukuma chini badala ya kuvuta juu. Shikilia sekunde tatu au nne kwa kuanzia, achia kabisa kwa muda ule ule, rudia mara nane. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa mfano kila unapokaa kumnyonyesha mtoto. Baada ya hapo kaza na achia haraka haraka mara kumi, maana mbio zinahitaji misuli inayoamka upesi. Polepole fikia sekunde kumi, kisha fanya ukiwa umekaa, kisha umesimama. Na ukihisi chafya inakuja, kaza kabla haijafika. Yape mazoezi haya miezi mitatu kamili. Watu huacha wiki ya pili kwa sababu hawaoni kitu. Usijizoeze kukata mkojo katikati ukiwa chooni, hilo linakivuruga kibofu. Na usijikamue choo kigumu, maana kila ukijikamua unasukuma ile ile sakafu unayojaribu kuiinua. Maji, mapapai, mboga, na usizuie haja ikikubana.

Tumbo lililotokeza nalo lina maelezo. Misuli miwili ya mbele ilitengana wakati wa ujauzito ili kumpa mtoto nafasi, na inachukua miezi kukaribiana. Unaweza kujiangalia mwenyewe: lala chali, weka vidole juu kidogo ya kitovu, inua kichwa taratibu. Utasikia kingo mbili zikikaza pembeni mwa vidole. Nafasi ya vidole viwili katika muda wako si ajabu. Ninachokijali zaidi kuliko upana ni kama katikati kunadidimia laini kabisa, au kunainuka kama mgongo wa samaki unapojiinua. Ukiona hivyo, acha mazoezi ya kujikunja tumbo kabisa kwa sasa. Kazi yako ni kulala chali na kuinua kiuno, kusimama kutoka kwenye kiti kidogo bila kutumia mikono, kusimama kwa vidole vya miguu, na kila mara kutoa pumzi unapofanya sehemu ngumu.

Kufunga tumbo kwa kanga nimeulizwa na karibu kila mama. Kanga iliyofungwa kwa wastani siku za mwanzo inasaidia. Maumivu ya mshono yanapungua ukikohoa, na unasimama kwa ujasiri. Ikikazwa mpaka kula kunakuwa shida, presha haina pa kwenda ila chini, kwenye sakafu ya nyonga. Haiunganishi misuli. Na maji ya moto, dada, tafadhali. Umesema juu ya mshono una ganzi. Ganzi hiyo ni kwa sababu vineva vidogo vya ngozi vilikatwa pamoja nayo. Hurudi polepole kwa miezi, wakati mwingine hubaki doa dogo lisilorudi, na haizuii kukimbia. Lakini ngozi yenye ganzi haikwambii maji yamekuwa moto kupita kiasi. Mama anakandwa, hasikii chochote, kesho yake ngozi imetoka malengelenge. Kama mnaendelea kukanda, acheni eneo hilo. Badala yake, kwa kuwa kidonda kimefunga kabisa, lipapase kwa kitambaa laini na kwa ncha za vidole dakika chache kila siku, kovu lisogee juu ya nyama iliyo chini yake. Likianza kuvimba, kuwasha na kukua nje ya mstari wa mshono, huenda ni keloidi, na ngozi zetu hupata sana. Liache na umwone daktari mapema.

Maziwa hayachachi. Hili nalisema bila kusitasita. Baada ya mazoezi makali sana asidi kidogo ya misuli inaweza kuonekana kwenye maziwa kwa muda mfupi, lakini haimdhuru mtoto, na kwa jogingi ya kawaida hakuna mabadiliko ya maana. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, ili matiti yawe mepesi, vaa sidiria inayoshika vizuri, na kama unatoka jasho jingi futa titi kabla ya kumpa, maana chumvi ya jasho wengine huikataa. Mtoto anayekunja uso ameonja chumvi, wala siyo maziwa yaliyoharibika.

Kuna jambo moja ambalo si mama mkwe wala wenzako waliolitaja, na mimi linanishughulisha zaidi ya maziwa. Kunyonyesha mtoto maziwa tu kunakula takriban kalori 500 zaidi kila siku. Ukiongeza mbio juu yake bila kuongeza sahani, mwili unakopa. Mkimbiaji wa kike asiyekula vya kutosha kwa kawaida anajulishwa mapema: hedhi inakatika. Wewe huna kengele hiyo sasa, kwa sababu kunyonyesha kwenyewe kunazuia hedhi. Na katika miezi hii mifupa nayo hutoa madini kwa ajili ya maziwa, mama anaweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mifupa yake, halafu ikarudi baada ya kumwachisha mtoto. Ndiyo sababu maumivu ya mfupa wa muundi, ya unyayo au ya kinena yanayouma mahali pamoja na kuongezeka ukikimbia, kwa mama anayenyonyesha siyachukulii kama misuli tu. Simama, usikimbie juu yake. Uzito ukishuka kwa kasi, maziwa yakipungua, au ukichoka kupita uchovu wa kukesha, ongeza chakula kwanza kabla ya kupunguza kingine chochote. Mtori, uji wa ulezi wenye karanga, dagaa, maharage, mayai. Wazee waliojua kumlisha mzazi walikuwa sahihi; hapo usibishane na mama mkwe hata kidogo.

Damu pia. Upasuaji unamwaga damu nyingi kuliko kujifungua kawaida, na wengi waliingia chumba cha upasuaji tayari wakiwa na damu pungufu kwa ajili ya ujauzito au malaria. Kabla ya kuanza kukimbia, kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 (gramu kwa desilita) ni upungufu. Ukijilazimisha kukimbia na damu ya 9 utahisi mapafu yamekataa, utajilaumu kwa uvivu, kumbe hakuna cha kubebea hewa. Kama ulipewa vidonge vya kuongeza damu ukaviacha ulipotoka hospitali, uliza kama uendelee. Huwa vinatumiwa hadi wiki 6 au 12 baada ya kujifungua. Usivimeze na chai, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Maji na chungwa ni bora.

Sasa mpango. Tembea kila siku, ukiongeza taratibu hadi dakika 30, kisha 45, kwa mwendo wa kutoa jasho. Endelea na sakafu ya nyonga na mazoezi ya miguu. Mkojo ukiacha kutoka kwenye chafya na kikohozi, jipime nyumbani. Simama kwa mguu mmoja sekunde kumi bila kuyumba. Kunja goti moja ukiwa umesimama kwa mguu huo mara kumi, goti lisiingie ndani. Simama kwa vidole vya mguu mmoja mara 20. Kimbia papo hapo dakika moja. Ruka kwa mguu mmoja mara kumi, kisha mwingine. Fanya haya kibofu kisiwe kitupu kabisa, vinginevyo unajidanganya. Kama hakuna tone, hakuna uzito kama kitu kinashuka ukeni, hakuna maumivu kwenye mshono, mgongo au kinena, na kesho yake asubuhi bado hakuna, uko tayari kuanza.

Unaanza kwa dakika moja ya jogingi na mbili za kutembea, mara nane, siku tatu kwa wiki, kila moja ikifuatiwa na siku ya kupumzika. Mwendo uwe ule wa kuweza kuzungumza. Ukimaliza wiki mbili safi, geuza: mbili za jogingi, moja ya kutembea. Kisha tano kwa moja. Dalili yoyote ikitokea wakati wa mbio au ndani ya siku inayofuata, rudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima. Damu nyekundu ikirudi kutoka ukeni baada ya mazoezi, pumzika na umjulishe mkunga. Inaweza kuwa hedhi imerudi mapema, lakini isidhaniwe tu. Usiku ambao umelala jumla ya saa tatu tu kwa mafungu, tembea badala ya kukimbia. Na raba zako za zamani zijaribu kwanza, miguu ya wengine hutanuka kwa ujauzito isirudi.

Tufike Moshi. Unaijua njia ile kuliko mimi kukuelezea: 21 inapanda kuelekea Mweka, halafu inarudi. Watu huogopa kupanda, lakini kwa hali yako kupanda ndiyo sehemu nafuu, hatua ni fupi na kutua ni kwepesi. Mteremko wa kurudi ndio mtihani. Kila hatua unatua kutoka juu zaidi, mapaja yanafunga breki, sakafu ya nyonga inapigwa kwa kilomita kadhaa mfululizo ukiwa tayari umechoka. Wanaovuja, wengi huvujia pale. Mwisho wa mwezi wa pili utakuwa na miezi minane tangu upasuaji, utando wa tumbo utakuwa imara. Ila wiki za kujenga umbali zitabaki chache, maana sehemu nzuri ya miezi hii mitano na nusu itaenda kwenye matayarisho. Kuna watakaoweza. Kama ungekuwa mdogo wangu, ningekuandikisha kilomita 5 za siku ile ile, ukamaliza ukicheka, kisha 21 ukaitafuta kwingine baadaye mwaka huo, au Moshi mwaka unaofuata. Kama moyo unakataa, weka uamuzi mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Ukiwa unakimbia dakika 45 mfululizo, mara tatu kwa wiki, bila tone wala maumivu, na umeshateremka mlima kidogo bila shida, tuzungumze upya. Ukiwa bado unabadilishana kutembea na kukimbia, jibu umeshalipata.

Wenzako wakikutajia Faith Kipyegon wa Kenya, watajie tarehe zake. Alijifungua Juni 2018, akarudi kushindana Juni 2019, akapata medali ya fedha ya mita 1500 kwenye mashindano ya dunia Doha mwaka huo huo, kisha dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021. Huyu ni mwanariadha ambaye kukimbia ndiyo kazi yake, ana kocha na wataalamu wa kumwangalia, na bado mwaka mzima ulipita kabla ya kusimama kwenye mstari.

Yapo mambo ya kutosubiri mpango wowote. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye kigimbi, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukata, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hatari ya damu kuganda ni kubwa wiki sita za kwanza na haijaisha kabisa hadi wiki ya 12. Ukishindwa kupumua ukilala chali, ukiamka usiku kukohoa, au miguu yote miwili ikivimba, usidhani ni kukosa mazoezi. Moyo unaweza kudhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, na mama huambiwa "ni uchovu wa kulea" mpaka anachelewa. Mwambie daktari wazi kwamba umejifungua karibuni. Homa, usaha au wekundu unaosambaa kwenye mshono, kichwa kinachouma na macho kuona ukungu hasa kama ulikuwa na presha au dalili za kifafa cha mimba, hayo pia ni ya siku hiyo hiyo.

Na hata kama hakuna hata moja ya hayo, naomba umwone mfiziotherapia ana kwa ana kabla ya kuanza kukimbia. Hospitali ya rufaa ya mkoa huwa na kitengo cha fiziotherapia, ingawa wengi hudhani ni cha waliovunjika tu. Baadhi ya akina mama hawavuji kwa ulegevu. Misuli yao imekaza muda wote na imechoka, na kwao kukaza zaidi kunaharibu. Hilo haliwezi kujulikana kwa maandishi, linahitaji mtu wa kukupima. Ukifika, omba kuhudumiwa na mwanamke kama utajisikia huru zaidi, ni haki yako. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, na umtajie ulikaa na uchungu muda gani, mkojo unatoka wakati gani, na kwamba unataka kukimbia kilomita 21. Usiseme "mazoezi kidogo tu", maana atakupima kwa mazoezi kidogo tu.